Mpiga Pasi na Siku Thelathini za Baraza

Walisema wamemng'olea hadi mlango. Mpishi wa shule moja ya bweni alimshtaki mwajiri wake, akashindwa, na gari la dalali wa mahakama likaja kubeba vitu vyake: meza, jiko, godoro, na mwisho mlango wa mbele pamoja na bawaba zake. Mwanamke huyo, walisema, sasa analala na pazia.

Niliyasikia hayo kwenye foleni ya maji, kutoka kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu. Habari ya namna hiyo huingia sikio hili ikatokea lile. Kwangu haikutoka. Nilikuwa na binti aliyeachishwa kazi siku tisa nyuma, barua yake ilikuwa juu ya meza yangu, na alikuwa ameshasema, "Mama, hawa nitawashtaki."

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu na kila anayekula kwa jasho lake. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, sheria siijui. Nitaandika niliyoyaona.

Saa tatu asubuhi. Kwenye kibaraza cha fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na nne amesimama nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi lililokunjwa mara mbili. Anachovya vidole kwenye kopo la maji, anarusha matone juu ya shati jeupe, anashusha pasi. Mvuke unampanda usoni. Anaanza na ukosi, kutoka ncha kwenda katikati, upande huu kisha upande ule.

"Ukianzia katikati unausukuma mkunjo mpaka kwenye ncha," anasema bila kuinua macho. "Na ncha ndiyo mtu anayoiona kwanza."

Huyo ni binti yangu wa kwanza. Kazini walimpa jina la Kola, maana shati likifika mkononi mwake ukosi umelala, hulirudisha mwanzo hata kama gari la kupeleka nguo limeshawasha injini. Jina likaganda. Hata wanawe wawili wakitaka kumchokoza humwita Mama Kola, kisha wanakimbia.

Fundi humlipa kwa shati. Akimaliza mwezi bila kuumwa, anachopata hakifiki nusu ya mshahara wake wa zamani, na kodi ya vyumba viwili inakula sehemu kubwa ya hicho. Mgongo unamuuma. Hasemi, lakini namwona anavyoegemea nguzo kila akimaliza mashati kumi.

Miaka saba alikuwa kwenye kiwanda cha dobi kinachofua mashuka ya hospitali na nyumba za wageni. Huko kuna mashine wanayoiita roli. Ni bomba kubwa la chuma lenye moto ndani, linazunguka. Unalilisha shuka lenye unyevu upande huu, linatoka kavu na limenyooka upande wa pili. Mbele yake huwa kuna ubao wa kuzuia vidole visilifuate shuka.

Mwaka jana ubao ulivunjika. Wakafunga kamba. Kamba ikaungua. Mwezi uliofuata, mama mmoja mwenye miaka mitano pale alivutwa vidole viwili, na wenzake walizima umeme akiwa ameshazimia.

"Sikusema sifanyi kazi," Kola anaeleza. "Nilisema sigusi roli mpaka ubao urudi. Nipeni pasi ya mkono. Nipeni kukunja, nipeni hata kupakia kwenye gari. Meneja akasema huko ni kukaidi amri."

Waliokataa roli hivyo walikuwa watano, maana kila mtu pale alikuwa na zamu yake ya roli. Kesho yake asubuhi wote watano walikabidhiwa barua getini, kabla hata hawajavua viatu vya njiani. Barua ilikuwa na mistari minne. Mstari wa tatu ulisema kazi imekoma kuanzia tarehe hiyo.

Siku ya sita, watano hao walikutana uani kwetu. Mkubwa wao alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu ambaye kazi yake ilikuwa kupima mafurushi yanapoingia. Walimwita Mzani. Ilisemekana akikutazama tu anajua kilo zako, na wanawake walikuwa hawapendi kupita mbele yake.

"Sikilizeni," Mzani alisema. "Kuna baraza la kazi na kuna mahakama. Baraza ni kaunta. Mahakama ndiyo ofisi ya juu. Nyie wote mmekaa dobi ile, mnaijua kaunta yetu."

Wote waliguna, na hapa lazima nieleze. Kwenye kiwanda kile kuna daftari la kaunta. Mteja akija kulalamika kwamba foronya zake zimepotea, karani wa kaunta huandika tarehe, jina na neno lake, kisha humwambia, "Utajulishwa." Hajulishwi mtu. Mfanyakazi akidai glavu, naye huambiwa akaandike kaunta. Anayepata kitu ni yule anayeipita kaunta, akapanda ngazi na kusimama kwenye mlango wa ofisi ya juu mpaka waone aibu. Miaka yote hiyo iliwafundisha jambo moja, kwamba kaunta ndogo ni mahali pa kuzikia maneno.

Basi wakaichukua sheria kama walivyoichukua dobi.

"Na huyo msuluhishi wa baraza atatufanyia nini?" mmoja wa wakunjaji aliuliza. "Atatupa chai tupatane?"

"Atakuandika kwenye daftari," mwenzake akamjibu. "Utajulishwa."

Walicheka mpaka kuku wakahama uani. Kola naye alicheka, kisha akauliza, "Na hiyo ofisi ya juu, kupanda ngazi ni bei gani?"

"Ada tutachanga. Yule mwandishi wa barua anayekaa nje ya mahakama ameshaniambia atatuandalia kila kitu. Tudai mishahara, tudai fidia, tudai na machungu. Tukishinda, gharama zote analipa meneja."

"Tukishindwa je?"

"Kola bwana," Mzani alisema. "Wewe hata shati la mtu asiye na shingo utalitafutia kasoro kwenye ukosi."

Wakacheka tena, na swali likapotelea humo kwenye kicheko. Mimi nilikuwa dirishani nachambua mchele. Nililisikia, na nikasikia kwamba halikujibiwa.

Siku tatu baadaye ndipo nikakutana na habari ya mlango kwenye foleni ya maji.

Ngoja niseme langu kabla halijasemwa na wengine. Jioni ile, Kola akiwa ameenda kumchukua mwanawe shuleni, niliichukua barua yake ya kuachishwa kazi juu ya meza. Niliikunja mara nne. Niliitia ndani ya foronya ya mto wangu nikaushonea mdomo. Nilijiambia kwamba hasira ya binti yangu itapoa, atapata kazi nyingine, na hakuna gari litakalosimama mlangoni kwetu.

Sikujua kwamba wiki hiyohiyo alikuwa amepita kwenye dirisha la baraza, peke yake, kuuliza tu. Walimwambia aje na barua. Na hata ningejua, isingebadili kitu, kwa kuwa baraza na mahakama kwangu vilikuwa kitu kimoja, jengo lenye bendera na askari mlangoni.

Aliitafuta barua ile kwa siku tano. Aliinua magodoro, akamwaga mikoba ya shule, akatikisa vitabu kimoja kimoja.

"Nani kachezea karatasi yangu?" aliwauliza watoto. "Semeni tu, sitampiga mtu."

"Sio mimi," mkubwa akasema.

"Wewe ndiye unayetengeneza ndege za karatasi."

"Ndege zangu za daftari, mama. Barua yako ilikuwa ngumu, haikunjiki vizuri."

Alifokewa mtoto wa watu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nashona kifungo. Nikilala, mto ulikuwa unakwaruza sikioni. Kila nikigeuka, ile karatasi inasema. Niliogopa asije akaisikia kutoka chumba cha pili.

Siku ya kumi na tano alikwenda kiwandani kuomba nakala. Hawakumruhusu kuvuka kaunta. Karani alifungua daftari, akaandika, akamwambia lile neno lao. Binti yangu alirudi akicheka kicheko kikavu. "Mama, leo na mimi nimekuwa foronya iliyopotea. Nitajulishwa."

Siku ya ishirini wenzake wanne walifungua shauri mahakamani. Mzani alipita kumwambia. "Ukipata barua yako tutakuunganisha, dada. Gari halijajaa."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hakuwemo. Lakini hofu haikuondoka, ilihama tu. Sasa niliogopa ataipata nakala. Niliogopa Mzani ataandika jina lake bila kumuuliza. Lori likipunguza mwendo barabarani, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye komeo. Nilijikuta nahesabu vitu vya ndani kwa macho ya mtu mwingine. Kabati, wangelipenda. Redio, wasingeitaka. Meza ya pasi, hiyo wangeibeba ya kwanza.

Mwishowe nilichoka kuogopa jambo nisilolijua sura. Niliuliza huku na huku kwa siku mbili mpaka nikaelekezwa nyumbani kwa yule mpishi. Nilifika siku ya thelathini na tatu, ingawa wakati huo sikuwa nahesabu.

Nyumba ilikuwa na mlango. Ulikuwa wa bati, umepigwa misumari kwenye fremu ya mbao chakavu, na unalia ukifunguka. Mpishi ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye makovu ya mafuta ya moto mikononi. Nilimweleza nilichokisikia. Hakukasirika.

"Dalali hakufika hapa hata siku moja," alisema. "Mlango wa mbao niliuuza mwenyewe, na meza, na jiko kubwa. Nilitaka niuze kwa bei yangu kabla hajaja kuuza kwa bei yake."

"Kwa hiyo ni kweli ulishindwa."

"Kushindwa kungekuwa na nafuu, ningekuwa nimesikilizwa. Hakimu hakufika hata kwenye maneno yangu. Alisema shauri la kuachishwa kazi linaanzia baraza la kazi, si kwake, akalifuta siku hiyohiyo. Wakili wa shule akasimama akaomba gharama. Akapewa. Nilikuwa kama mtu aliyepeleka viatu kwa kinyozi, halafu nikatozwa kwa kumpotezea muda." Akacheka kidogo, akaacha. "Binti yako yeye kafungua wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Baraza au mahakamani?"

Nilimwambia hajafungua popote. Akanitazama. "Barua yake ina siku ngapi? Maana mimi nilipokimbilia baraza nikaambiwa ni siku thelathini toka barua. Zilikuwa zimeshakwisha nikiwa nasubiri kuitwa na hakimu."

Nilihesabu kwa vidole, palepale mlangoni kwake. Nikahesabu tena kuanzia mkono wa pili, kana kwamba mkono wa pili ungenihurumia.

Jioni nilifumua mto mbele ya Kola. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Alipoiona barua aliisimamisha pasi wima, akachomoa waya ukutani, akakaa. Nilimweleza yote. Hakunipigia kelele, na laiti angepiga.

"Wenzangu nimewaambia nimeipoteza," alisema baadaye. "Mtoto nimemfokea. Nimekwenda kujidhalilisha kaunta. Na wewe ulikuwa unashona kifungo."

"Niliogopa watatubebea vitu, mwanangu."

"Ungeniuliza, mama. Ungeniuliza tu ninakwenda wapi." Aliichukua barua akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Kesho saa mbili tunakwenda baraza. Na wewe ndiye utakayesema kwa nini nimechelewa."

Sikula usiku ule.

Baraza la kazi ni jengo la ghorofa moja lenye mabenchi ya mbao kwenye ukumbi. Bendera iko, askari hayupo. Karani ni mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni. Alisoma barua, akatazama kalenda ukutani, akashusha pumzi.

"Mmechelewa siku nne."

Kola alinigeukia. Nikasema. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta fomu mbili kutoka chini ya meza. "Hii ya madai. Hii ya kuomba kuongezewa muda. Hii ya pili lazima iwe na sababu, na sababu iwe na kiapo. Kiapo chako wewe, mama."

"Na ada yake?" niliuliza.

"Kufungua hapa hakuna ada."

"Na tukishindwa, gari linakuja lini?"

"Gari gani, mama?"

"La dalali."

Alivua miwani. "Hapa kila upande unajibebea nauli yake. Ukishindwa unarudi nyumbani. Labda uje kwa utani, kusumbua watu tu na kesi isiyokuwepo, hapo msuluhishi anaweza kukutoza. Binti yako amekuja kwa utani?"

Nilimuuliza mara tatu, kila mara kwa maneno tofauti. Mara ya tatu Kola alinishika kiwiko.

Maombi ya muda yalisikilizwa wiki tano baadaye, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Msuluhishi alikaa kichwani. Upande wa kule alikaa wakili wa kiwanda, kijana mwenye suti iliyopigwa pasi vibaya mabegani. Kola aliniambia hivyo kwa kunong'ona, na ndilo jambo pekee lililonichekesha siku hiyo.

"Mama," wakili aliniuliza, "barua ilikuwa ya mtu mzima mwenye miaka thelathini na nne. Uliificha kwa haki gani?"

"Haki sikuwa nayo. Nilikuwa na hofu."

"Nani mwingine alijua umeificha?"

"Hakuna."

"Hakuna." Alimgeukia msuluhishi. "Mheshimiwa, mwombaji alilala, siku zikampita, halafu akamwazima mama yake. Mama yeyote angesema hivi kwa ajili ya mwanawe. Hata wangu."

Nilikuwa nimesema ukweli wenye aibu kuliko wote niliowahi kusema, na sasa ulionekana uongo, na binti yangu angepoteza haki ya kusikilizwa kwa sababu nilimzaa mimi. Msuluhishi aliandika. Kisha akamuuliza Kola kama katika siku hizo thelathini aliwahi kumwambia mtu yeyote, mbali na nyumbani, kwamba barua haionekani.

Kola aliwaza. Akasema polepole, "Niliandikwa kaunta."

"Kaunta ipi?"

"Ya kiwandani kwao. Nilikwenda kuomba nakala. Karani akaandika kwenye daftari."

Wakili alisema daftari hilo ni la malalamiko ya wateja. Msuluhishi alisema liletwe hivyohivyo. Likaletwa wiki iliyofuata, daftari nene lenye jalada lililolowa na kukauka, limejaa soksi, foronya na mataulo ya watu ambao hawakujulishwa. Na katikati yake, siku ya kumi na tano toka tarehe ya barua, kwa mwandiko wa karani wao wenyewe: jina la binti yangu, saa nne na robo, "anaomba nakala ya barua ya kuachishwa, asema haionekani nyumbani."

Muda ukaongezwa. Wakili alifunga mkoba wake, akanipisha mlangoni, akasema, "Shikamoo, mama."

Kati ya siku hizo mbili ndipo mahakama ilipoliita shauri la wenzake wanne. Halikuchukua nusu saa. Hakimu alisema hana mamlaka ya kulisikiliza, wangeanzia baraza, akalifuta na kuwaamuru walipe gharama za kiwanda. Wakili alileta orodha: kusoma hati, kuandika majibu, kufika mahakamani, nakala, usafiri. Msajili wa mahakama alipunguza baadhi. Kilichobaki, kikigawanywa kwa wanne, ni mshahara wa miezi mitatu kwa kila mmoja, mshahara ambao hawaupati tena.

Mwandishi wa barua wa nje ya mahakama amehamia upande wa pili wa barabara.

Mzani alikuja kwetu Jumapili. Alikaa uani kama siku ile, kwenye kigoda, lakini hakupima mtu kwa macho. Analipa zile gharama kidogo kidogo kwa makubaliano, ameuza baiskeli, na mkewe haongei naye kuhusu jambo lingine. Yeye na wakunjaji watatu nao wameomba kuongezewa muda barazani, na sababu yao ni kwamba walikuwa wamepotelea mahakamani. Hawajajibiwa.

"Ulituuliza tukishindwa je," alimwambia Kola. "Nilikuona mwoga."

"Nilikuwa mwoga kweli, mzee."

"Basi ungeniambukiza."

Huko barazani usuluhishi umeshajaribiwa. Kiwanda kilitoa mshahara wa mwezi mmoja na maneno mazuri. Mimi ningeupokea; nasema wazi, ningeupokea na kukimbia. Kola alikataa. Usikilizwaji wenyewe ni Alhamisi ijayo, na mama aliyevutwa vidole amekubali kuja kusema. Anaogopa, maana mume wake bado ni dereva wa kiwanda. Kila nikisikia hodi nadhani ni yeye amekuja kujitoa.

Kibarazani kwa fundi, mpiga pasi anageuza shati, analaza upande wa mgongo juu ya blanketi. Namuuliza anataka nini hasa, maana siku hizi nauliza. Anaweza kudai fidia tu akaachana nao.

"Nataka kurudi," anasema. "Roli ileile, zamu ileile. Siwachukii. Ile kazi naijua kuliko wanavyoijua wao. Lakini nikifika asubuhi nataka niukute ubao uko mahali pake, na misumari nitaikagua mwenyewe."

"Na wakikukatalia?"

"Nitakuwa nimesikilizwa. Na hakuna atakayekuwa ameuza meza yake kwa ajili yangu." Anashusha pasi. "Mama, sogea, unaniziba mwanga."

Tunasubiri Alhamisi. Sina uhakika na lolote. Yafuatayo ndiyo ninayowaomba watu wayaepuke, kama nilivyoyaona:

Usifungue kesi ya kazi popote kabla hujauliza inaanzia wapi. Uliza kwenye dirisha la baraza lenyewe, sio kwa anayelipwa kukuandikia.

Usidhani mahali pakubwa ndipo penye nguvu. Nguvu iko pale sheria ilipokutuma.

Usiingie mahakamani bila kuambiwa, kwa maneno ya kueleweka, nani atalipa gharama za upande wa pili ukishindwa au shauri likifutwa.

Usiache siku zihesabiwe na mtu mwingine. Andika tarehe ya barua ukutani, na kwenu inaweza kuwa si siku thelathini, uliza ni ngapi.

Usidharau daftari lolote. Ukienda kudai, hakikisha umeandikwa, na ukumbuke siku na saa.

Usiweke barua moja bila nakala. Weka nakala kwa ndugu, na nyingine kwa jirani.

Usikubali kuunganishwa kwenye kesi ya wenzako kwa sababu tu ni wenzako.

Usimfichie mtu mzima karatasi yake, hata kama ulimzaa.

Usibebe habari ya foleni ya maji mpaka nyumbani bila kwenda kumuona anayesemwa.

Na mkiwa mmekaa kikao, mtu akiuliza "tukishindwa je?", msicheke. Nyamazeni mpaka ajibiwe.